Utoaji wa dawa kwa mpira wa kulishia

Utoaji wa dawa kwa mpira wa kulishia ni njia ya kumpa dawa mgonjwa asiyeweza kumeza, kwa kuzipitisha ndani ya mpira mwembamba unaofika tumboni au kwenye utumbo mwembamba. Mpira huo, ambao vitabu vingine huuita mrija, hupitishwa puani, mdomoni, au kwenye tundu lililofunguliwa kwa upasuaji katika ukuta wa tumbo. Kazi yake ya kwanza ni kupitisha chakula na maji. Dawa huongezwa juu ya kazi hiyo.

Dawa nyingi za kunywa zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayemeza kwa mdomo. Zikipitishwa kwenye mpira bila kufikiriwa upya, zinaweza kuuziba, kupoteza nguvu, kutoa dozi yote kwa mara moja, au kuingia mapafuni ikiwa mpira umekaa vibaya. Kwa hiyo kabla ya kila dozi kuna maswali matatu ya kujibu: Je, mpira upo mahali pake? Je, dawa hii katika umbo hili inafaa kupita kwenye mpira? Je, dawa hii inapatana na chakula kilichomo tumboni?

Katika sehemu nyingi za Tanzania maswali hayo hayamhusu muuguzi peke yake. Ndugu wa mgonjwa humlisha wodini, na baada ya ruhusa huendelea kumlisha nyumbani. Makala hii inaeleza kanuni za jumla, pamoja na mifano inayohusu wilaya za Tarime na Serengeti katika mkoa wa Mara.

## Wagonjwa wanaohusika

Mpira wa kulishia huwekwa pale ambapo tumbo na utumbo vinafanya kazi lakini kumeza hakuwezekani, hakutoshi au ni hatari. Miongoni mwa wagonjwa hao ni:

- waliopatwa na kiharusi na kupoteza uwezo wa kumeza vizuri;
- walioumia kichwani, kwa mfano katika ajali za pikipiki, na hawajapata fahamu kamili;
- wenye pepopunda, homa ya uti wa mgongo au malaria kali iliyofika kwenye ubongo;
- wenye saratani ya umio au ya koo;
- watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambao bado hawawezi kunyonya;
- watoto wenye utapiamlo mkali wasioweza kumaliza maziwa yao ya tiba kwa kikombe.

Saratani ya umio inastahili kutajwa kipekee, kwa kuwa ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi kusini mwa bara, ni mmoja kati ya maeneo ya dunia yenye wagonjwa wengi wa ugonjwa huo. Uvimbe ukiziba umio, mgonjwa anaweza kuishi na mpira wa tumboni kwa miezi kadhaa, na katika muda huo wote dawa zake, zikiwemo za maumivu, hupitia humo.

## Historia

Mwaka 1790 daktari mpasuaji John Hunter wa London alimlisha mgonjwa aliyepooza misuli ya kumeza kwa kutumia mrija uliofunikwa kwa ngozi ya mkunga, samaki mwenye umbo la nyoka. Chakula na dawa vilipitia humo hadi mgonjwa alipoweza kumeza tena. Karne ya 19 ilileta mipira ya kweli, na karne ya 20 ikaleta plastiki laini zisizoumiza pua na koo. Mwaka 1980 Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky wa Marekani walitangaza njia ya kuweka mpira wa tumboni kwa msaada wa kamera inayoingizwa kupitia mdomoni, bila kulipasua tumbo kwa upana.

## Aina za mipira

Mpira wa puani ndio unaotumika zaidi kwa sababu muuguzi anaweza kuuweka kitandani kwa mgonjwa bila upasuaji. Hufaa kwa siku au wiki chache. Mpira wa tumboni hupita kwenye ukuta wa tumbo na hutumika pale ambapo mgonjwa atahitaji kulishwa kwa muda mrefu. Aina ya tatu hufika mbali zaidi, kwenye utumbo mwembamba.

Ni muhimu kujua ncha ya mpira iko wapi. Dawa inayohitaji asidi ya tumbo haitafanya kazi vizuri ikishushwa moja kwa moja kwenye utumbo. Vilevile dawa nzito za maji zinazofika kwenye utumbo bila kuongezwa maji huweza kuleta msokoto na kuharisha.

Katika lugha ya wodini nchini Tanzania neno "mpira" hutumika pia kwa mpira wa mkojo, na mgonjwa mmoja anaweza kuwa na yote miwili, pamoja na dripu ya mshipani. Maelekezo kwa ndugu yanapaswa kutaja mpira kwa jina lake kamili: mpira wa puani, mpira wa tumboni au mpira wa mkojo.

## Kuhakikisha mpira upo mahali pake

Hatari kubwa kuliko zote ni mpira wa puani kuingia kwenye njia ya hewa badala ya umio, au kutoka tumboni na kupanda juu baada ya mgonjwa kukohoa, kutapika au kuuvuta. Chakula au dawa ikiingia mapafuni huweza kuua. Mtu mwenye fahamu hukohoa au kukabwa mpira unapoingia pabaya, lakini mgonjwa aliyezimia anaweza asikohoe kabisa. Ukimya wake hauthibitishi kwamba mpira uko tumboni.

Urefu wa mpira wa kuingiza hupimwa kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi chembe cha moyo. Baada ya kuuweka, muuguzi hutia alama ya wino pale mpira unapotokea puani na kuandika urefu huo kwenye faili. Kabla ya kila matumizi mambo haya huangaliwa:

1. Alama ya wino bado iko penye tundu la pua, na plasta haijalegea.
2. Mpira haujajikunja mdomoni au kooni.
3. Majimaji yanayovutwa kutoka tumboni kwa bomba la sindano yanapimwa kwa karatasi ya kupima asidi. Kipimo cha pH cha 5.5 au chini yake huonyesha kwamba ncha iko tumboni.
4. Kama majimaji hayapatikani, au kipimo kiko juu ya hapo, mpira hautumiki mpaka mtaalamu aamue. Picha ya eksirei ndiyo inayomaliza shaka.

Dawa za kupunguza asidi, kama omeprazoli, na chakula kilichotolewa muda mfupi uliopita huweza kupandisha kipimo cha pH hata mpira ukiwa mahali pake. Ndiyo maana majimaji hupimwa kabla ya kulisha.

Njia mbili za zamani hazitoshi. Ya kwanza ni kupuliza hewa kwenye mpira huku mtu akisikiliza tumbo kwa chombo cha daktari, kwani sauti ya hewa iliyoingia kwenye pafu inaweza kusikika hadi tumboni. Ya pili ni kutumbukiza ncha ya nje ya mpira kwenye maji na kutazama mapovu. Mwaka 2005 mamlaka ya usalama wa wagonjwa ya Uingereza iliagiza hospitali ziache kuzitegemea njia hizo, kufuatia vifo vilivyotokana na mipira iliyokuwa mapafuni.

## Umbo la dawa

### Dawa za maji

Dawa ya maji ndiyo chaguo la kwanza. Hata hivyo dawa nyingi za maji ni nzito na zina sukari, hivyo huongezewa maji safi kabla ya kupitishwa. Chupa ya dawa yenye chembechembe hutikiswa vizuri. Fenitoini ya maji, inayotumika kwa kifafa, huzama chini ya chupa: asiyetikisa atatoa dozi hafifu mwanzoni mwa chupa na dozi kali mwishoni. Kabamazepini ya maji hushika kwenye ukuta wa mpira, hivyo huchanganywa na maji kwa kiasi sawa na dawa yenyewe.

### Vidonge vinavyoweza kuyeyushwa au kusagwa

Baadhi ya vidonge vimetengenezwa viyeyuke ndani ya maji, mfano vidonge vya watoto vya dawa ya mseto ya malaria. Vidonge vingine vya kawaida, kama parasetamoli isiyo na ganda maalumu, husagwa hadi kuwa unga laini kabisa na kuchanganywa na maji mililita 10 hadi 15. Chombo cha kusagia kiwe cha dawa tu. Nyumbani, vijiko viwili visafi vya chuma vinaweza kufanya kazi hiyo. Kinu cha jikoni hakifai, kwa kuwa mabaki ya dawa hubaki ndani yake na kuingia kwenye chakula cha familia.

Kila dawa husagwa na kupitishwa peke yake. Kuzichanganya zote kwenye kikombe kimoja kunaokoa dakika chache, lakini dawa zinaweza kugandana, kuharibiana au kuziba mpira. Aidha, mchanganyiko ukimwagika nusu, haijulikani ni dawa ipi mgonjwa ameikosa.

### Dawa zisizosagwa

Vidonge vya kutoa dawa polepole vimejengwa ili dozi ya saa 12 au 24 itoke kidogokidogo. Kikisagwa, dozi yote hutoka kwa pamoja. Nifedipini ya aina hiyo, inayotolewa kwa shinikizo la damu, ni mfano mzuri. Ikisagwa na kupitishwa kwenye mpira inaweza kushusha shinikizo ghafla, jambo ambalo kwa mgonjwa wa kiharusi huweza kuunyima ubongo damu. Morfini ya vidonge vya polepole ikisagwa inaweza kusimamisha pumzi. Morfini ya maji, ambayo hutumika katika tiba shufaa, hupita kwenye mpira bila shida. Alama zinazofuata jina la dawa kwenye pakiti, kama SR, XR, MR, LA au neno "retard", huashiria vidonge vya aina hii.

Vidonge vyenye ganda la kukinga asidi, ambavyo baadhi huandikwa EC, navyo havisagwi. Ganda huilinda dawa dhidi ya tumbo, au tumbo dhidi ya dawa. Diklofenaki nyingi na baadhi ya aspirini ziko hivyo. Omeprazoli ya kapsuli ina chembe ndogo zilizovikwa ganda hilo: zikisagwa dawa huharibiwa na asidi, na zikipitishwa nzima huziba mpira mwembamba.

Vidonge vya lopinaviri na ritonaviri, vinavyotumika kwa baadhi ya watoto wenye virusi vya UKIMWI, vinapaswa kumezwa vizima. Utafiti kwa watoto umeonyesha kwamba vikisagwa, kiasi cha dawa kinachofika kwenye damu hupungua kwa karibu nusu. Mtoto huonekana anatumia dawa kila siku, ilhali virusi vinapata nafasi ya kujenga usugu. Mtoto kama huyo huhitaji dawa ya umbo jingine.

Dawa za saratani na hidroksiurea, ambayo hutolewa kwa wenye selimundu, ni hatari kwa anayezisaga. Vumbi lake halipaswi kuvutwa wala kugusa ngozi, na mama mjamzito hapaswi kuzishika. Maandalizi yake hufuata maelekezo ya mfamasia, kwa glavu na barakoa.

Mtu asiyejua kidonge kipo kundi gani asikisage, bali aulize. Mara nyingi kuna njia nyingine: umbo la maji, kidonge cha kawaida kitolewacho mara nyingi zaidi kwa siku, dawa tofauti ya kundi lilelile, sindano, au dawa ya kuingizwa kwenye njia ya haja kubwa.

## Dawa na chakula cha mpira

Nyumbani, chakula cha mpira huwa ni uji mwepesi uliochujwa, maziwa, supu na maji ya matunda. Katika Tarime na Serengeti, ambako ulezi hulimwa na ng'ombe hufugwa, uji wa ulezi wenye maziwa ni chakula cha kawaida cha mgonjwa. Ni chakula kizuri: ulezi una madini ya kalisi kuliko nafaka nyingine za kawaida, takriban miligramu 300 au zaidi katika gramu 100 za nafaka, na maziwa yana kalisi pia. Lakini kalisi hiyohiyo hushikana na baadhi ya dawa na kuzizuia kuingia kwenye damu.

- Siprofloksasini na dawa za kundi lake hushikwa na kalisi, chuma na magnesi. Hutolewa tumbo likiwa halina maziwa wala uji wa maziwa, angalau saa 1 kabla ya chakula au saa 2 baada yake.
- Dolutegraviri, iliyomo katika dawa kuu za kufubaza virusi vya UKIMWI, haitolewi pamoja na vidonge vya chuma, vya kalisi au dawa za kutuliza kiungulia zenye magnesi au alumini. Mpangilio wa saa huwekwa na kliniki.
- Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, saa 1 kabla ya chakula au saa 2 baada yake. Vidonge vya mchanganyiko vikiruhusiwa kusagwa, hutolewa mara moja baada ya kusagwa, wala haviandaliwi asubuhi kwa ajili ya jioni. Rangi ya chungwa kwenye mpira na mkojo hutokana na dawa hii, si damu.
- Fenitoini hupungua sana inapokutana na chakula cha mpira. Wataalamu wengi hushauri kusimamisha chakula saa 1 hadi 2 kabla na baada ya dozi. Mgonjwa akirudi kula kwa mdomo, dozi iliyopandishwa wakati wa mpira inaweza kuwa kubwa mno. Kuyumba, macho kuchezacheza na usingizi mzito ni dalili za kumrudisha kwa daktari.
- Dawa ya mseto ya artemetheri na lumefantrini ni kinyume cha hizo: lumefantrini hufyonzwa vizuri zaidi pamoja na mafuta. Mgonjwa wa malaria kali aliyemaliza sindano za artesuneti na kuanza dawa ya mseto kwa mpira anafaa kupewa maziwa au chakula chenye mafuta pamoja na dozi.

Mfano wa ratiba hueleza vizuri zaidi. Mgonjwa analishwa saa 1 asubuhi, saa 5 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 1 usiku. Fenitoini ya mara mbili kwa siku inaweza kuwekwa saa 3 asubuhi na saa 3 usiku. Kila dozi iko saa 2 baada ya mlo, ile ya asubuhi iko saa 2 kabla ya mlo unaofuata, na kati ya dozi na dozi kuna saa 12. Hakuna mlo ulioondolewa.

Bahasha ya dawa yenye maandishi "1x2" haisemi lolote kuhusu milo. Kwa mgonjwa wa mpira ni vema saa za dawa na za chakula ziandikwe kwenye karatasi moja.

## Hatua za kutoa dawa

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka.
2. Soma jina la mgonjwa, jina la dawa, dozi na saa.
3. Mkalishe mgonjwa, au inua kichwa na kifua chake kwa nyuzi 30 hadi 45. Nyumbani mito iliyopangwa vizuri inatosha.
4. Simamisha chakula na uhakikishe mpira upo mahali pake.
5. Suuza mpira kwa maji safi, mililita 15 hadi 30 kwa mtu mzima. Maji yawe yamechemshwa na kupoa.
6. Andaa dawa ya kwanza peke yake na uipitishe polepole.
7. Suuza kwa mililita 5 hadi 10 kabla ya dawa inayofuata.
8. Suuza kikombe na bomba la sindano kwa maji kidogo na uyapitishe, ili dozi isibaki kwenye chombo.
9. Maliza kwa mililita 15 hadi 30 za maji, kisha funga mpira.
10. Mwache mgonjwa akiwa ameinuliwa kwa dakika 30 hadi 60.
11. Andika dawa, saa na kiasi cha maji.

Kwa watoto maji ni machache zaidi, na kwa watoto wachanga kiasi hupangwa na muuguzi au daktari, kwani mililita chache zinaweza kuwa nyingi kwao. Maji ya kusuuza huhesabiwa pia kwa wagonjwa wa moyo au figo waliowekewa kikomo cha maji.

Bomba kubwa la sindano, la mililita 50 au 60, ndilo linalofaa kwa mtu mzima. Bomba dogo hutoa msukumo mkali zaidi na linaweza kupasua mpira.

## Mpira ukiziba

Sababu kuu za kuziba ni kutosuuza, unga wa dawa usiosagika vizuri, uji mzito, na dawa kukutana na maziwa ndani ya mpira. Mpira ulioziba hujaribiwa kwa maji ya uvuguvugu, kwa kusukuma na kuvuta taratibu kwa bomba kubwa, kisha kuacha maji yakae humo kwa dakika kadhaa.

Soda na maji ya limau havisaidii kuliko maji. Uchachu wake hugandisha maziwa na kuongeza uzibo. Waya, spoku ya baiskeli au kijiti visiingizwe kamwe, kwa kuwa vinaweza kutoboa mpira na hata tumbo. Ikishindikana, mgonjwa apelekwe kituoni mapema, hasa kama anatumia dawa za kifafa, za moyo, za kisukari au za kufubaza virusi, ambazo kukosa dozi kuna madhara ya haraka au ya kudumu.

## Dawa kuingia njia isiyo yake

Mgonjwa mwenye dripu na mpira wa kulishia ana njia mbili zinazofanana kwa macho. Dawa iliyosagwa ikisukumwa kwenye mshipa huweza kuziba mishipa ya mapafu na kuua. Mwaka 2016 kilitolewa kiwango cha kimataifa cha viungio vya mipira ya kulishia, ISO 80369-3, ambacho viungio vyake haviingiliani na vya mshipani. Mahali ambapo vifaa hivyo havijafika, kinga ni utaratibu:

- bomba lenye ncha pana, lisiloweza kuingia kwenye dripu, litumike kwa mpira wa kulishia tu;
- bomba la dawa za kunywa liandikwe "SI YA MSHIPANI" na litunzwe mbali na vifaa vya sindano;
- mtoaji afuate mpira kwa mkono kutoka ncha ya nje hadi unapoingia mwilini kabla ya kusukuma chochote;
- ndugu wa mgonjwa asiguse kamwe kiungio cha dripu.

## Uuguzaji katika Tarime na Serengeti

Tarime iko kaskazini mwa mkoa wa Mara, mpakani na Kenya kwenye mji wa Sirari. Serengeti, ambayo makao makuu yake ni Mugumu, iko kusini mwake na kupakana na hifadhi ya taifa yenye jina hilohilo. Mji wa Tarime una hospitali ya serikali, na Mugumu ina Hospitali Teule ya Nyerere ya Kanisa la Mennonite. Wanaohitaji matibabu ya juu zaidi hupelekwa Musoma, makao makuu ya mkoa, au hospitali ya rufaa ya kanda ya Bugando jijini Mwanza, ambako pia kuna matibabu ya saratani.

Safari hiyo ya rufaa, na ile ya kurudi, ni wakati wa hatari. Mpira unaweza kuvutika garini, hivyo nafasi yake huangaliwa upya mgonjwa anapofika, kabla ya dozi ya kwanza. Dawa zilizopangwa na mfamasia wa hospitali kubwa huenda zisipatikane kijijini katika umbo lilelile. Familia iliyozoea kidonge cha kawaida ikiuziwa cha polepole chenye jina lilelile, na kuendelea kukisaga, hubadilisha tiba bila kujua. Ndiyo sababu karatasi ya ruhusa ni vema ionyeshe umbo la dawa pamoja na jina lake: "ya maji", "kidonge cha kusagwa" au "isisagwe". Pakiti ya zamani ipelekwe dukani kama kielelezo, na tofauti yoyote ya alama iulizwe kabla ya kununua.

Lugha nayo ina nafasi yake. Mbali na Wakurya, ambao ni wengi Tarime, katika Serengeti wapo Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na wengineo. Bibi anayemuuguza mumewe anaweza kuelewa Kiswahili cha sokoni lakini si cha faili la hospitali. Njia bora ya kujua kama ameelewa ni kumwomba aonyeshe kwa mikono yake: apime alama, avute majimaji, asage, asuuze, huku muuguzi akitazama, mara kadhaa kabla ya siku ya ruhusa. Inafaa watu wawili wa familia wafundishwe, ili mmoja akienda shamba au msibani mwingine awepo.

Mambo yafuatayo yanamhitaji mtaalamu bila kungoja kesho: alama ya mpira imesogea au mpira umetoka, mgonjwa anakohoa, anapumua kwa shida au anabadilika rangi wakati wa dawa au chakula, anatapika mfululizo, tumbo limevimba na kukaza, ana degedege, au kuna damu, usaha au uvujaji penye tundu la mpira wa tumboni. Tundu hilo huweza kuanza kujifunga ndani ya saa chache baada ya mpira kutoka, hivyo familia haipaswi kuurudisha mpira yenyewe wala kusubiri siku ya kliniki. Madhara yanayodhaniwa kutokana na dawa huripotiwa kwenye kituo cha afya, ambacho huyafikisha kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

## Tazama pia

- Kiharusi
- Kifafa
- Saratani ya umio
- Ulezi (nafaka)
- Tiba shufaa
- Mkoa wa Mara